Natron: anza na mlima, ndipo ulielewe ziwa

Kila nikitaja Natron huulizwa swali lile lile: ni kweli lipo ziwa Tanzania linalogeuza ndege kuwa mawe? Picha zilizozagaa mtandaoni umeziona, za heroe na popo waliokauka wakabaki wima. Mpiga picha aliikuta mizoga hiyo ufukweni, imekwisha kukaushwa na magadi, akaipanga mwenyewe juu ya matawi na mawe. Heroe hafi kwa kugusa maji ya Natron. Huzaliwa humo.

Uvumi huo unaniuma kwa sababu unawaleta wageni kwa pupa. Wanafika, wanapiga picha maji mekundu, wanageuza gari kurudi Arusha. Ushauri wangu kwako ni huu: tenga siku tatu au nne, na uanze na Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina yake. Lava ya kawaida hufikia nyuzi joto 1,100 na zaidi. Hii imejaa magadi, huwa nyuzi 500 hadi 600 tu, mchana huonekana nyeusi kama oili chafu, na ikishapata unyevu hugeuka nyeupe. Mvua huosha chumvi za ardhi hiyo ya volkano, chemchemi za moto huleta nyingine, na zote huishia Natron. Ziwa halina mto unaotoka. Maji hupaa kwa jua, magadi hubaki.

Kupanda huanza usiku wa manane, ili ufike kileleni alfajiri na kushuka kabla jua halijawa kali. Mlima hauna maji wala kivuli. Beba lita nne za maji, tochi ya kichwani, fimbo, na glavu, kwa maana huko juu utapanda kwa mikono pia na miamba inakwaruza. Magoti yako yakiwa mabovu, usipande. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Chukua kijana wa Engare Sero, kijiji kilicho karibu na mlima na ziwa, akuongoze, na umuulize hali ya kreta kabla hujaondoka. Milipuko ya 2007 na 2008 ilibadilisha kabisa sura ya kilele, na kingo zake si za kusogelea. Wamaasai huuendea mlima huu kumwomba Engai, yaani Mungu wao, kwa hiyo uliza pia kama kuna ibada.

Ziwani nenda asubuhi na mapema, ukiwa na darubini. Heroe wa ile aina ndogo, hapa Afrika Mashariki, hawana kwingine wanakozaliana kwa uhakika. Hutaga katikati ya ziwa, juu ya vichuguu vya tope, mahali ambapo fisi na mbweha hawathubutu kuvuka kwa sababu magadi yanachoma. Ukali wa maji ndio ulinzi wa vifaranga. Ndege wakitishwa wanaweza kuyaacha mayai, hivyo usiwasogelee hata kama una kamera ndogo, na usirushe droni. Tabaka jeupe ufukweni linaonekana gumu, lakini chini yake ni tope la moto. Kanyaga anapokanyaga mwenyeji wako.

Kisha omba upelekwe kwenye nyayo. Hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu kuliko popote. Zipo zaidi ya 400, za binadamu, zilizoachwa kwenye majivu mabichi ya volkano kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Vidole vinaonekana, visigino vinaonekana, wengine walikuwa wakitembea pamoja, wengine wakikimbia. Vua viatu ukitaka, ila usiingize mguu wako ndani ya unyayo wowote, na usimwage maji ili picha itoke vizuri.

Ukipitia Ngorongoro, simama karibu na Olduvai uone kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mwandamo. Kina kimo cha mita 9 hivi, na upepo hukisogeza takribani mita 17 kila mwaka. Mchanga wake nao ni majivu ya Lengai. Una chembe za chuma zinazovutwa na sumaku, basi nenda na sumaku ndogo uwaonyeshe watoto. Njia ya Engare Sero kutoka Mto wa Mbu hupita Engaruka. Masika ina makorongo yanayojaa ghafla, kwa hiyo panga safari kati ya Juni na Oktoba, na ubebe fedha taslimu za ada mageti ya njiani.