Kabla ya kumwambia mama "bana"

Wewe unayeanza fiziotherapia Mwanza, usitegemee mama aje akwambie mkojo unamvuja. Atasema kiuno kinamuuma. Funga mlango, muulize wewe: akikohoa au akijitwisha ndoo, nguo inalowa? Au anabanwa ghafla, hafiki chooni? Hayo ni matatizo mawili, na tiba zake hazifanani. Mkojo ukitiririka usiku na mchana tangu ajifungue kwa uchungu wa muda mrefu, shuku fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi ya kubana misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na kizazi, hayazibi tundu. Mpe rufaa siku hiyohiyo, hospitali ya Bugando wanaitibu. Akiona damu kwenye mkojo, apimwe kichocho kwanza, hasa anayetoka kwenye majaruba ya mpunga ya Misungwi au Kwimba.

Kosa kubwa la wageni wa kazi hii ni kutoa mazoezi bila kuangalia. Akiambiwa "bana", mama anaweza kusukuma chini kama yuko leba, na hapo unazidisha kizazi kushuka. Omba ridhaa, tazama msamba, sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa: unapaswa kuingia ndani na kupanda. Mwambie, "Zuia ushuzi, kisha uvute juu." Lugha hiyo anaielewa, usiione aibu. Makalio yatulie, na ahesabu kwa sauti ili asizuie pumzi. Asifanye zoezi kwa kukatiza mkojo chooni. Kibofu hubaki na mkojo.

Kipimo chake ni uwezo wake. Akiweza kushikilia sekunde 3, anza na 3, apumzike muda uleule. Mnaelekea sekunde 8 hadi 10, mara 8 hadi 12, kisha mibano 10 ya harakaharaka, mara tatu kwa siku. Aanze akiwa amelala chali, kukaa na kusimama kuje baadaye. Mwambie mapema kwamba ni miezi 3, maana asipoona nafuu wiki ya tatu ataacha.

Kwa wabeba dagaa wa soko la samaki la mwaloni Kirumba, zoezi liingie kazini: bana, toa pumzi, ndipo inua. Na anayebeba maji: ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Kwa sasa ajaze nusu, aende mara mbili.

Anayebanwa ghafla asiende chooni "kwa tahadhari". Aongeze dakika 15 kati ya safari moja na nyingine, akizoea aongeze tena.

Na mwenye maumivu wakati wa tendo la ndoa, ambaye misuli yake imekakamaa hata akiwa amelala, usimpe mibano kabisa. Huyo mfundishe kuachia: apumue taratibu hadi tumboni, asikie msamba ukishuka na kulegea.