Riwaya, utenzi na mchezo wa redio: uanze na upi?

Dada yangu wa Kisauni, unasema una riwaya iliyokwama sura ya 7, utenzi wa harusi ya binamu yako na mchezo wa redio, na kila ukishika kimoja kingine chakuita. Utaambiwa mshika mbili moja humponyoka. Mimi siamini sana, ila usizigawie kazi zote saa sawasawa.

Utenzi una tarehe, kwa hiyo utangulie. Tena hauhitaji meza: kila kipande cha ubeti kina mizani 8, yaani silabi 8, waweza kuihesabu kwa vidole ukiwa ndani ya feri ya Likoni. Shida ni kina cha mwisho, yaani silabi inayofunga ubeti, kiitwacho bahari, kisichobadilika tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Chagua chepesi, kama -ya au -wa. Mimi niliwahi kujifunga na -dha. Nilipofika ubeti wa 20 nikawa natunga upuuzi mtupu.

Riwaya ndiyo inayotaka makalio kitini. Kaa nayo baada ya swala ya alfajiri, nusu saa tu, kabla nyumba haijaamka. Ukiacha, acha katikati ya tukio, na uandike mstari mmoja: "Kesho Mwanaisha anagundua barua." Bila mstari huo, ukirudi baada ya siku 4 utaanza kusoma upya toka sura ya 1, na muda umekwisha.

Kila kazi na daftari lake, tafadhali. Mchezo wa redio ufunge kabatini mpaka harusi ipite.