Aquemini: ndefu mno, au simu ndiyo tatizo?

SWALI: Wapenzi wa hip hop ya Kusini mwa Marekani wanaisifu sana albamu ya Aquemini ya OutKast, kundi la waghani wawili, Big Boi na André 3000. Nimeisikiliza kwenye simu, nikaona imepoa na ni ndefu. Nakosea wapi?

JIBU: Kwenye simu, kwanza. Spika yake ndogo haitoi besi ya chini, na albamu hii ya 1998 kutoka Atlanta imejengwa juu ya gitaa la besi na ala zilizopigwa moja kwa moja studio. Vaa hedifoni, uzime kiongeza besi, maana hufunika sauti za waghani.

Usianze mwanzo. Anza na "SpottieOttieDopaliscious": dakika 7 hivi, matarumbeta yanarudia kiitikio kilekile huku maneno yakisemwa taratibu. Usipoyapenda matarumbeta hayo, albamu nzima itakuwia ngumu. Kisha "Rosa Parks", usubiri harmonika, kinanda cha mdomo.

Jina la albamu limeunganisha nyota mbili za unajimu: Big Boi ni Ndoo (Aquarius), André 3000 ni Mapacha (Gemini). Big Boi anaghani kwa kasi na mkazo, André anatafakari, sikiliza wanavyopokezana.

Kuhusu urefu, una haki. Ni takriban dakika 75, na vichekesho vya katikati vinakata mwendo. Viruke.