Maswali ya Wasomaji: Mshairi Aliyekufa Kabla ya Kuchapishwa

Swali: Mhariri, je, ni kweli kwamba Nikoloz Baratashvili wa Jojia hakuchapishiwa shairi lolote akiwa hai? – Mwalimu wa ushairi, Kayole, Nairobi

Jibu: Ni kweli, ndugu mwalimu, nami huhuzunika kila niwazapo habari hiyo. Alizaliwa Tbilisi, mji mkuu wa nchi ya Jojia, mwaka 1817, akawa karani kwa sababu ya ufukara wa babake, akafa kwa malaria mjini Ganja, katika Azabajani ya leo, mwaka 1845, akiwa na miaka 27 tu. Mashairi yake machache yalihifadhiwa na marafiki walioyanakili kwa mkono. Anzia shairi lake “Merani” la mwaka 1842, ambamo mpanda farasi anamhimiza farasi wake avuke mipaka ya majaliwa, ili nduguye atakayemfuata aikute njia imelainika. Mabaki ya mshairi huyu yalirudishwa Tbilisi mwaka 1893.