Kubadilisha papi za mbao kwenye dingi ya faiba: maelezo kwa wanagenzi

Mwanagenzi anayekabidhiwa dingi (boti ndogo) ya faiba yenye papi, yaani mbao za ukingoni, zilizochakaa huwa na haraka ya kuzing'oa zote siku hiyo hiyo, kwa kuwa anaziona kama pambo. Katika dingi nyingi ndogo mbao hizo zina kazi. Upapi wa nje, unaotoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), huukaza ubavu mwembamba wa faiba, hupokea kishindo cha gati, na mara nyingi hufunika mahali ambapo bodi (mwili wa boti) na sitaha vimeunganishwa. Kwa hiyo ng'oeni upande mmoja tu kwa wakati mmoja, na kabla ya hapo kateni ubao unaolingana na upana wa boti katikati yake, muufunge kutoka ukingo hadi ukingo. Boti iliyovuliwa papi pande zote mbili hutanuka au hujibana, na mbao mpya zikishafungwa juu ya umbo lililopotoka, upotovu huo haurekebishiki tena bila kufumua kazi yote.

Skrubu hufichwa chini ya vizibo vidogo vya mbao. Toboeni kizibo katikati, mkibandue kwa patasi nyembamba, kisha safisheni mfereji wa kichwa cha skrubu kwa ncha kali kabla ya kutia bisibisi. Skrubu iliyokatika au iliyogoma msihangaike nayo; pitisheni jino la msumeno wa chuma kati ya mbao na faiba, muikate. Kubenua kwa tindo ni marufuku, maana faiba ya ubavuni ina unene wa milimita chache tu na hupasuka kwa urahisi. Upapi wa zamani, hata ukiwa umeoza, msiutupe, kwa sababu ndio kipimo chenu cha urefu, unene na pembe za miisho.

Mkishachukua vipimo, upasueni muutazame ndani. Mara nyingi mtakuta pembeni mwa kila tundu la skrubu doa jeusi linalofuata nyuzi za mbao kwenda pande zote mbili, huku katikati ya tundu moja na jingine mbao ikiwa bado ngumu. Maji yaliingia kwa njia ya skrubu, na kwa kawaida yalikuwa ya mvua, si ya bahari: kuvu inayoozesha mbao huhitaji unyevu wa takriban asilimia 20 au zaidi, na chumvi huipunguza nguvu. Ndiyo maana dingi iliyolala ufukweni bila turubai masika nzima huoza kuliko inayotoka baharini kila wiki. Zitazameni na skrubu zenyewe. Za shaba ya njano hupoteza zinki yake katika maji ya chumvi, ikabaki shaba ya rangi ya waridi inayovunjika kama biskuti. Nunueni za chuma cha pua cha daraja la 316, ingawa bei yake inauma.

Kwa mbao mpya, pwani yetu haina shida ya chaguo. Mvule ni mzuri na mafundi wa mashua wanaufahamu, ila vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo barakoa ni lazima. Msaji (mtiki) ni bora zaidi, na mashamba ya Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro yanaupanda. Kataeni tu ubao wenye weupe wa nje wa mti, kwani sehemu hiyo haina kinga ya kiini. Msaji una mafuta, hivyo ufuteni kwa asetoni muda mfupi kabla ya kuugundisha.

Urefu ndio unaowasumbua wengi. Wayfarer, dingi iliyochorwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957, ina mita 4.82, na ubao wa futi 12 hautoshi. Unganisheni mbao mbili kwa mshazari wenye urefu mara nane ya unene: upapi wa milimita 20 unahitaji mshazari wa milimita 160, na ncha yake ya nje ielekee tezi ili isinase kwenye kamba wala gati. Gundi iwe epoksi. Resini ya poliesta, ambayo karakana nyingi hupenda kwa sababu ya bei, haishiki mbao vizuri, na kiungo chake huachia baada ya misimu michache ya jua na maji. Katika joto la pwani changanyeni epoksi kidogo kidogo, mkiimwaga kwenye sahani pana, kwa kuwa ikirundikana kikombeni hujichemsha na kuganda kabla hamjamaliza kupaka.

Anzeni kufunga omo, ambako pindo ni kali zaidi, ili urefu uliobaki uwe wenzo wa kupindia. Upapi ukikataa kupinda, upasueni kuwa vipande viwili vya milimita 10 na kuvigundisha pamoja vikiwa vimeshikizwa ubavuni, mkitanguliza karatasi ya nailoni ili gundi isigande kwenye faiba. Klempu zikipungua, mipira ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu hubana vizuri kupita inavyodhaniwa.

Kati ya upapi na bodi mimi sitii epoksi. Matundu ya zamani ndiyo huzibwa kwa epoksi iliyokolezwa unga wa kujazia na kutobolewa upya. Upapi wenyewe hulazwa juu ya kizibio laini cha polisalfaidi, kwa sababu ni kitu cha kuchakaa na ipo siku fundi mwingine ataufungua. Silikoni msiiguse kabisa, kwani mabaki yake huzuia rangi na vanishi kushika. Vizibo vipya vilazwe kwa vanishi, nyuzi zake zikifuata nyuzi za upapi.

Mkono wa kwanza wa vanishi upunguzwe kwa thina nusu kwa nusu ili uzame ndani, kisha ifuate mikono mitano au zaidi, kila mmoja ukitanguliwa na msasa wa namba 220. Pakeni na upande wa ndani, pamoja na miisho, kabla ya kufunga. Hapo ndipo mbao hunywa maji zaidi, na baadaye brashi haitafika.