Jibu: Binti yangu kajifungua kwa operesheni, nimsaidieje?
Dada, hongera kwa mjukuu, na pole. Unasema binti alijiandaa kuzaa kawaida, akaishia kupasuliwa, na sasa analia kila akimtazama mtoto.

Binti yangu mimi, njia ya uzazi iligoma kufunguka zaidi ya sentimita 6, mapigo ya mtoto yakashuka, akakimbizwa chumba cha upasuaji usiku. Nilikosea, nikamwambia "shukuru Mungu mko hai." Akageukia ukutani. Siku ya tatu nikakaa tu kitandani kwake, nikamwacha asimulie tangu uchungu ulipoanza, bila kumkatiza. Ndipo alipoomba mtori.

Usikubali mtu amkande tumbo kwa maji ya moto, kidonda cha operesheni hakikandwi! Ndoo asiguse kwa wiki 6 hivi. Mzigo wake ni mtoto tu. Akinyonyesha alale ubavu, au ampakate mtoto chini ya kwapa, mshono usiguswe.

Na wale wa "huyo hakuzaa, alipasuliwa" wazuie mlangoni, nakuomba sana. Mshono ukitoa usaha, homa ikipanda au damu ikizidi, mrudishe hospitali siku hiyohiyo. Hata kilio kikivuka wiki 2, mpeleke.