Ujamaa, ubepari na haki za waliobadili jinsia: tenganisha maswali

Mkuu, umeuliza kama ujamaa ndio unaolinda haki za waliobadili jinsia na ubepari ndio unaozikandamiza. Rekodi haziendi hivyo.

Cuba ya chama kimoja iliwaweka mashoga kwenye kambi za kazi za kulazimishwa zilizoitwa UMAP, 1965 hadi 1968. Mwaka 2008, chama kile kile kikiwa madarakani, wizara ya afya iliruhusu upasuaji wa kubadili jinsia bila malipo. Marekani nayo, kitovu cha ubepari, Mahakama ya Juu iliamua 2020 katika kesi ya Bostock, kura 6 kwa 3, kwamba kumfukuza mtu kazi kwa kuwa amebadili jinsia ni ubaguzi uliokatazwa na sheria tangu 1964. Hukumu iliandikwa na jaji Gorsuch, mhafidhina aliyeteuliwa na Trump!

Ukibishana, tenganisha: nani anabadilisha jinsia kwenye hati, nani analipia matibabu, nani anazuia kufukuzwa kazi. Uchumi unabana zaidi hilo la pili. Argentina ilijibu mawili ya kwanza kwa sheria ya 2012: mtu mzima anaomba hati zibadilishwe kwenye ofisi ya usajili, bila jaji wala cheti cha daktari, na matibabu yakaingizwa kwenye huduma za lazima za bima. Ajira ikabaki kiporo hadi 2020, amri ya rais ilipowatengea waliobadili jinsia angalau asilimia 1 ya nafasi serikalini; 2021 ikawa sheria.